Mpinzani ametukana wapangaji: je, asiyeamua atakuja kwetu?

SWALI

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameandika hivi:

"Assalaam aleikum, mwalimu. Niko kwenye kamati ya kampeni ya dada mmoja anayewania uwakilishi wadi mwaka 2027. Mpinzani wetu mkuu alirekodiwa mkutanoni akisema kwamba watu wa kuja wamekula vya wenyeji hadi wakashiba, sasa wanataka kuwachagulia wenyeji viongozi, na kwamba asiyeridhika apande basi akapige kura kwao. Video tunayo. Nusu ya kamati inataka tuisambaze kila siku hadi siku ya kura, kwa kuwa wadi yetu ina wapangaji wengi kutoka bara na wengi wao hawajaamua. Nusu nyingine inasema matusi hayambadilishi mtu, tutamtangaza bure. Kauli kama hii humfanya nini mpiga kura ambaye hajaamua? Na sisi tufanye nini?"

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu.

Kamati nyingi hubishania jambo hili kila uchaguzi unapokaribia, na majibu ya vijiweni huwa ni mawili: tusi linammaliza mgombea, au tusi ni kelele tu. Kila jibu lina mifano yake ya kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Mimi nimefundisha na kufuatilia mawasiliano ya kampeni kwa muda mrefu, na naona wengi huanza kwa kupima tusi lilikuwa kali kiasi gani. La kutazama kwanza ni limempata nani. Mwanasiasa akimtukana mwanasiasa mwenzake, asiyeamua hatikisiki sana. Akimtukana mpiga kura mwenyewe, au kabila lake, au jinsia yake, au mtaa wake, hapo hutikisika. Ila kutikisika si kuja kwenu. Mara nyingi mtu huyo huishia kubaki nyumbani.

Kwanza tumtazame huyu mnayemwita asiyeamua. Kwenye daftari la kamati yeye ni safu moja, lakini ndani ya safu hiyo mna watu wasiofanana kabisa. Yuko aliyekwisha kuamua kitambo ila hasemi, kwa sababu mwenye nyumba wake ni wa upande wa pili, au kwa sababu anakumbuka yaliyowapata waliosema. Kwenye wadi ya wapangaji kama yenu, watu wa namna hii ni wengi kuliko kamati inavyodhani. Yuko anayekipenda chama hiki na kumpenda mgombea wa chama kile. Yuko ambaye siasa hazimshughulishi, hajui hata majina ya wanaowania wadi, ataamua akiwa kwenye foleni. Na yuko yule anayejiuliza kama aende au asiende, wala hajafika kwenye suala la nani ampe kura.

Huyu wa mwisho ndiye asiyefaa kusahauliwa kwenye hesabu. Mwaka 2022 Wakenya waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22. Waliopiga kura walikuwa kama 65 kati ya kila 100, wakati Agosti 2017 walikuwa karibu 79. William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211, na watu karibu milioni nane wenye haki ya kupiga kura hawakutokea. Sisemi walikaa nyumbani kwa ajili ya matusi. Ugumu wa maisha ulikuwepo, na kukata tamaa na wanasiasa kwa jumla kulikuwepo. Lakini kamati inayofikiri kwamba asiyeamua ana milango miwili tu, wetu na wao, imeshafanya hesabu isiyo sahihi kabla ya kampeni kuanza.

Sasa tuje kwenye matusi ya wagombea kwa wagombea. Hayo tuliyasikia hadi tukachoka: vijembe, majina ya kejeli, nani mzee, nani mwizi, nani ametumwa na nani. Umati uliopo mkutanoni hushangilia kwa sababu ulikuja ukiwa umeshaamua. Mwaka 2007 mtafiti Richard Lau na wenzake wawili wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 111 kuhusu kampeni za kushambuliana. Walichokiona ni kwamba mashambulizi hukumbukwa zaidi kuliko maneno ya kujinadi, lakini hayamletei mshambuliaji kura kwa uhakika, na aliyeshambulia huchafuka naye kwa kiasi. Vilevile hayakuonekana kuwafukuza watu vituoni kama ilivyokuwa ikidhaniwa, ingawa yalipunguza kidogo imani yao kwa serikali. Naamini matokeo hayo yanatufaa hata sisi, kwa sababu asiyeamua wa Kisauni, akimsikia mheshimiwa mmoja akimtusi mheshimiwa mwingine, huona ni ugomvi wa wakubwa. Haumhusu.

Mambo hubadilika pale mpiga kura anapojisikia ametajwa. Mfano ninaoutumia sana darasani unatoka jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 2012, kwa sababu unatupa kipimo ambacho ni nadra kukipata. Todd Akin wa chama cha Republican aliwania kiti cha Seneti dhidi ya Claire McCaskill wa Democratic, ambaye wachambuzi wengi walimhesabu kuwa yuko hatarini kung'oka. Tarehe 19 Agosti yalirushwa mahojiano ya televisheni ambamo Akin aliulizwa kuhusu utoaji mimba, akajibu kwamba mwanamke akibakwa kwelikweli mwili wake una njia za kuzuia mimba. Maana yake, aliyebakwa akashika mimba alikuwa anashukiwa kusema uongo. Wanawake wa Missouri walimsikia akiwazungumzia wao, wala si McCaskill.

Siku ya kura wapiga kura wale wale walimchagua na rais pia. Mitt Romney, wa chama hicho hicho cha Akin, alipata karibu asilimia 54 ya kura za Missouri. Akin alipata asilimia 39. Yaani watu kama 15 kati ya kila 100 walikuwa tayari kumpa kura mgombea urais wa chama, siku ile ile, kwenye chumba kile kile, lakini hawakuwa tayari kumpa Akin. Hao hawakuwa maadui wa chama chake, na ndio wanaotuonyesha tusi linaweza kufanya nini. Sasa tazama walikokwenda. McCaskill alipata karibu asilimia 55, wakati Obama, mgombea urais wa chama chake, jimboni humo alipata kama 44, kwa hiyo wengi walivuka. Lakini mgombea wa chama kidogo cha Libertarian alipata asilimia 6 za Seneti, na mgombea urais wa chama hicho hakufikisha hata asilimia 2. Hawa wa mwisho walimkataa Akin, na bado hawakuweza kumpa McCaskill. Hata pale ambapo tusi limefanya kazi waziwazi, sehemu ya waliochukizwa haikuja kwa aliyenufaika.

Kuna jambo jingine la Missouri ambalo kamati yako isiliruke. Viongozi wa chama cha Akin mwenyewe, Romney akiwemo, walimtaka hadharani ajitoe. Mtu wa Republican aliyeudhika hakulazimika kujiona msaliti kwa kumkataa, kwa kuwa wakubwa wa nyumba yake walikuwa wamemkataa kabla yake. Linganisha na Oktoba 2016. Tarehe 7 mwezi huo ilitolewa sauti ya Donald Trump ya mwaka 2005 akijigamba jinsi anavyowashika wanawake bila ridhaa yao. Baadhi ya viongozi wa chama walimruka, kisha wengi wakarudi kabla ya siku ya kura. Wapiga kura walipoulizwa walipotoka vituoni, karibu mtu mmoja kati ya watano alisema hampendi Trump na hampendi Hillary Clinton pia. Hao ndio waliokuwa wamekwama kuliko wote, na wameudhiwa na wote wawili. Kati yao Trump aliongoza, kama 47 kwa 30. Kuudhika hakukuwatosha kuvuka. Walihitaji upande wa pili pa kukaa, na wengi hawakupaona. Clinton mwenyewe, mwezi mmoja kabla, alikuwa amewaita nusu ya wafuasi wa Trump watu wa kusikitisha wasiofaa, na wafuasi hao wakalivaa neno hilo kwenye fulana.

Hili la kulivaa tusi tunalijua vizuri hapa kwetu. Tarehe 23 Agosti 2015, CCM, chama tawala cha Tanzania, ilipozindua kampeni Jangwani, Dar es Salaam, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alisema wanaodai kuikomboa nchi ni wapumbavu na malofa. Wafuasi wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, hawakujificha. Wengi walianza kujiita malofa, na neno likawa la kutambuana. Oktoba John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, kiwango cha chini kuliko alichowahi kupata mgombea urais wa CCM tangu vyama vingi virudi, na Edward Lowassa akapata asilimia 39.97. Ukimsikia mtu akisema ni kauli ya Mkapa iliyoleta hali hiyo, mkatalie. Lowassa alikuwa amehama CCM na watu wake, na vyama vinne vilimsimamisha mgombea mmoja. Hayo ni mazito kuliko neno lolote. Kauli ile iliwapa jina watu ambao tayari walikuwa na pa kwenda, na mtu mwenye jina na pa kwenda huamka mapema siku ya kura.

Vivyo hivyo na wilbaro. Ruto aliposambaza wilbaro kwa vijana, wapinzani wake waliidhihaki sana: nchi ya karne hii, kijana anapewa wilbaro? Walidhani wanamdhihaki Ruto. Mtu wa mkokoteni Kongowea alisikia anadhihakiwa yeye na kazi anayolishia watoto wake. UDA, chama cha Ruto, ikaifanya wilbaro kuwa alama yake. Naamini dhihaka ile iliwaumiza Azimio, muungano wa Raila, kuliko hotuba nyingi za Ruto, na iliumiza hasa kwa sababu waliodharauliwa walionyeshwa papo hapo mahali pa kuweka hasira zao kwenye karatasi ya kura.

Kwa hiyo wale wa kamati yako wanaotaka kusambaza video kila siku wako sahihi kwa jambo moja: tusi hili ni la aina inayotikisa, maana limempiga mpiga kura, halikumpiga mgombea wenu. Lakini nina hofu tatu kuhusu mpango wao, na ningependa uzibebe uzifikishe kikaoni.

Hofu ya kwanza ni kwamba kwa mpangaji wa kutoka bara kauli ile ina uzito wa tishio, na Pwani ina sababu ya kuisikia hivyo. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata watu wenye asili ya bara waliuawa na nyumba zao kuchomwa, huku vikaratasi vikiwaamrisha warudi kwao. Waliouawa walizidi mia, na waliokimbia walikuwa makumi ya maelfu. Wengi wa waliokimbia hawakuweza kupiga kura walipokuwa wamejiandikisha. Watu wa kaunti ya Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret, nao wana kumbukumbu yao. Januari 2022, Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru, alisema kwenye mkutano Eldoret kwamba madoadoa yaondolewe, neno ambalo huko lilishatumika dhidi ya jamii nyingine miaka ya machafuko. Polisi walimkamata, na chama chake kikajitenga na kauli hiyo mara moja, kwa kuwa kilikuwa kinatafuta kura za wale wale ambao neno lile liliwatia hofu.

Sasa fikiria mama mwenye kibanda cha mboga Mtopanga, mzaliwa wa Kitui, ana watoto wawili shuleni. Video ile ikiingia kwenye simu yake asubuhi, mchana na usiku, imetumwa na ninyi au na mpinzani, ujumbe anaoupata ni mmoja: hapa si kwako, na uchaguzi una hatari. Anachoweza kufanya ni kufunga kibanda wiki ile na kupeleka watoto kijijini. Mtakuwa mmemsaidia mpinzani kufanya lile lile alilolitaka aliposema watu wapande basi. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nimeona kampeni za watu wema zikieneza hofu kwa nia ya kuikemea.

Hofu ya pili ni kuhusu wenyeji ambao hawajaamua. Barua yako haikuwataja, kana kwamba wote wanajulikana watakwenda wapi. Usidhani kila mwenyeji aliyeisikia kauli ile aliudhika. Wako walioona aibu, nina hakika ni wengi. Wako pia waliosema moyoni, angalau mmoja amethubutu kusema. Chini ya kauli ile kuna malalamiko ya kweli: watu wanaoishi kama maskwota kwenye ardhi ya mababu zao, vijana wenye vyeti wanaopita bandarini kila siku bila kupata kazi, na kumbukumbu ya miaka ambayo mizigo iliagizwa isafirishwe kwa reli hadi Nairobi na biashara nyingi za Mombasa zikafungwa, mpaka Septemba 2022 serikali mpya ilipotangaza kuirudishia Mombasa shughuli hizo. Hakuna kati ya hayo lililofanywa na mpangaji wa Mishomoroni. Lakini mpinzani wenu ameyachukua maumivu hayo akayaelekeza kwa jirani asiye na nguvu, na ninyi mkimjibu kwa kusema tu "huu ni ukabila," mwenyeji mwenye uchungu atasikia kwamba uchungu wake nao mmeuita ukabila.

Uchumi wa siasa una utafiti mmoja unaofaa hapa. Leonardo Bursztyn na wenzake walichunguza Marekani mwaka 2016 na kuona kwamba watu waliokuwa na chuki ya siri dhidi ya wageni walikuwa tayari zaidi kuionyesha hadharani walipoamini kwamba mgombea mwenye maneno hayo ni maarufu. Chuki yenyewe haikuongezeka sana. Kilichopungua ni haya ya kuisema. Kila mara video inaporudiwa bila mtu mwenye heshima mtaani kuikemea, haya inazidi kupungua. Ndiyo sababu nasema anayeonekana akiikataa ni muhimu kuliko idadi ya watu walioitazama. Missouri walikuwa wakubwa wa chama. Kwenu ni imamu wa mtaa, mchungaji, mzee wa mtaa, mwenyekiti wa bodaboda, mwenye nyumba anayejulikana kwamba ni mwenyeji wa vizazi vingi. Asiyeamua akimwona mwenyeji wa aina hiyo akisema "huyu hasemi kwa niaba yangu," amepata ruhusa ya kumkataa mpinzani bila kujiona ameisaliti jamaa yake. Hakuna bango linaloweza kufanya kazi hiyo.

Hofu ya tatu ni ninyi wenyewe. Kamati iliyotukanwa hutafuta tusi la kurudisha, na kawaida huwa tayari lipo mdomoni mwa mpambe mmoja. Tazama kilichotokea Marekani wiki ya mwisho ya uchaguzi wa 2024. Tarehe 27 Oktoba, kwenye mkutano wa Trump jijini New York, mchekeshaji aliyealikwa aliiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Jimbo la Pennsylvania pekee lina watu wenye asili ya Puerto Rico karibu nusu milioni, na kwa siku mbili upande wa Kamala Harris ulikuwa na hoja nzito mkononi. Kisha Rais Joe Biden, katika kulaani, akatamka maneno yaliyosikika kama amewaita wafuasi wa Trump takataka. Ikulu ilieleza kwamba alikuwa na maana ya maneno ya mchekeshaji, lakini kesho yake Trump alikuwa ndani ya gari la taka, amevaa koti la mfanyakazi wa taka, anaongea na waandishi wa habari. Trump alilichukua Pennsylvania kwa kura kama 120,000. Siwezi kukuambia kwamba ni neno la Biden lililoamua, bei za vyakula zilizungumzwa zaidi ya yote. Lakini aliyekuwa amekwama katikati wiki ile alipewa sababu ya kusema wote ni wale wale, na mtu akishafika hapo huwa humpati tena.

Usichanganye pia kelele na kura. Aprili 2010 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, alisahau kipaza sauti akiwa garini mjini Rochdale, akasikika akimwita mama mmoja mstaafu aliyetoka kuzungumza naye kuwa ni mwanamke wa chuki. Magazeti hayakuwa na jingine kwa siku kadhaa. Juma moja baadaye chama chake kilishindwa kitaifa, kama ilivyokuwa ikitarajiwa, lakini kiti cha Rochdale chenyewe, mji wa yule mama, kilikwenda kwa Labour kwa tofauti ya kura 889, kutoka kwa mbunge wa chama kingine. Watu wakikuambia "video imefika kila mahali," waulize imefika ikafanya nini.

Basi mfanye nini? Ningeitumia video, lakini si kila siku. Itumieni nzima, bila kukatwa, ili asije akasema mmemsingizia. Na mkikata mkabadilisha maana, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaweza kuwageukia ninyi. Pelekeni nakala na barua kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano. Sheria ya mwaka 2008 iliyoiunda tume hiyo, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila. Siahidi kwamba atashtakiwa, na wako waliowahi kufikishwa mahakamani kwa mashtaka hayo wakachaguliwa tena kwao. Faida ya barua ni kwamba suala linatoka kuwa la dada yenu na mpinzani wake, linakuwa la sheria ya nchi. Katiba ya 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Mgombea wenu aikariri ibara hiyo kwa Kiswahili chepesi kila kibaraza anachokaa, bila kumtaja mpinzani kwa jina.

Kisha ajibu yale ya chini ya tusi. Akiwa na wapangaji azungumze kodi, maji, taa za vichochoroni, basari. Akiwa na wenyeji azungumze hati za mashamba na kazi za bandari, aseme wazi ni nani mwenye mamlaka juu ya mambo hayo na mwakilishi wadi anaweza kusukuma nini na hawezi nini. Halafu ayaseme yote mawili mbele ya wote, kwenye mkutano mmoja, maana mpiga kura aliyekwama hupima pia kama unachosema kwa jirani yake ndicho unachomwambia yeye. Kuwa mwanamke kutamletea dada yenu matusi ya kwake mwenyewe; hayo aachie wanawake wa wadi wayajibu, yeye aendelee na maji.

Na sasa lile ambalo barua yako imelipita. Unasema wapangaji wengi hawajaamua. Je, wamejiandikisha wapi? Wengi wa watu wa bara wanaoishi Mombasa huenda wamejiandikisha kijijini, na wakitaka kuwapigia ninyi kura ni lazima wahamishe kituo kabla daftari halijafungwa. Kauli ya "kapigeni kura kwenu" inafanya kazi sasa hivi, miezi mingi kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, kwa mtu anayejiuliza kama kuhamisha jina kwenda Kisauni ni kujitafutia taabu. Huyo akiamua kuacha jina lake Machakos au Siaya, hakuna video ya Julai 2027 itakayomrudisha kwenye hesabu yenu. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kikao kingine cha kubishania klipu, tafuteni wenyeji wanaoheshimika wanaokubali kuandamana na majirani zao wapangaji hadi ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya eneo bunge lenu, wakiwa na vitambulisho mkononi, wawili wawili au watatu watatu, mchana, bila fulana za chama. Uliza ofisini humo ratiba ya uhamishaji na karatasi zinazotakiwa, kisha ibandikeni kwenye kila duka la M-Pesa wadini.